Kadi ya tyuna inagoma kwenye kompyuta ya sebuleni? Anzia kwenye antena kabla hujapiga Windows upya

Wadau habari za saa hizi. Nimeona niandike hii kitu moja kwa moja maana mwezi huu nimeitwa nyumba tatu, Tabata, Kigamboni na Mbezi Beach, na kote hadithi ni ile ile: mtu ana kompyuta ndogo sebuleni ameichomeka kwenye TV kwa HDMI, ameweka kadi ya tyuna ili aangalie chaneli za bure na arekodi taarifa ya habari na tamthilia za watoto, halafu chaneli hazishiki au picha inakatakata, na kote nimekuta mtu ameshapiga Windows upya angalau mara moja. Mmoja alikuwa ameshanunua na kadi ya pili kabisa. Nyumba zote tatu kadi ilikuwa nzima na Windows ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kati ya paa na kompyuta, kwenye waya, kwenye konekta, na kwenye umeme wa antena ambao watu wengi hawajui hata kama upo.

Kwa hiyo nitaenda kwa dalili, wewe tafuta ya kwako uanzie hapo, ila kama kadi bado hujainunua soma hapa kwanza.

Kadi yenyewe ni ya aina gani

Huku kwetu TV za antena zinarushwa kwa DVB-T2, mfumo wa dijitali. Dar ilizima analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na nchi za SADC zilishakubaliana kwenda na T2 tangu 2010. Maana yake kadi iliyoandikwa DVB-T peke yake, bila ile 2, haitakupa kitu hata uiombe vipi, na hakuna draiva wala apdeti itakayoigeuza kuwa T2 kwa sababu kinachosoma hayo mawimbi ni chipu iliyomo ndani ya kadi, sio programu. Kadi za mitumba zinazokuja na kompyuta za ofisi kutoka Ulaya nyingi ni za zamani za hivyo, ama za analojia kabisa.

Shemeji wangu aliletewa kadi nzuri sana kutoka Marekani, boksi jipya, tyuna nne ndani. Ile ni ya ATSC, mfumo wa kule, na njia zake ni za megahetsi 6 wakati za kwetu za UHF, yaani masafa ya TV ya antena, ni megahetsi 8. Ilibidi nimwambie ukweli tu kwamba haitafanya kazi Dar, na inauma kumwambia mtu hivyo wakati kadi ameishika mkononi. Kuna kampuni kama Hauppauge zinatengeneza kadi ya jina lile lile kwa matoleo mawili, la Marekani na la Ulaya, kwa hiyo usiangalie jina, angalia kwenye boksi kama imeandikwa DVB-T2. Zinazoandikwa DVB-C/T/T2 kwa pamoja ndo nazipenda zaidi maana inabeba na kebo, nitaifikia huko chini.

Kompyuta haioni kadi kabisa

Hapa pako rahisi, tupite haraka. Kama ni ya kuchomeka ndani, zima kompyuta, chomoa umeme ukutani, toa kadi, safisha ile sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka ikae kabisa. Zile Dell na HP nyembamba za Kariakoo zinahitaji kadi yenye bamba fupi, sasa kuna mafundi wanaotoa bamba lote na kuiacha kadi inaelea, waya wa antena ukivutwa kidogo tu kadi inanyanyuka upande mmoja na kompyuta inaipoteza. Kama unaiona leo kesho huioni, angalia hilo kwanza.

Kama ni ya USB ichomeke nyuma moja kwa moja kwenye bodi, sio mbele na sio kwenye hab, kile kiboksi cha kugawa tundu la USB, isiyo na adapta yake. Tyuna inakula umeme, na hab ya kugawana inaifanya izime na kuwaka yenyewe, utasikia ile sauti ya Windows ya kifaa kutoka na kuingia. Halafu kwenye mipangilio ya umeme ya Windows zima ile ya kulaza USB.

Kwa watu wa Linux, andika `dmesg` baada ya kuchomeka na usome mistari ya mwisho. Mara nyingi draiva ipo tayari ila fimwea, yaani programu ndogo ya chipu yenyewe, haipo, itakuandikia jina la faili inalotafuta, kwa mfano kadi zenye chipu ya Si2168 zinaulizia faili kama `dvb-demod-si2168-b40-01.fw`. Ukiliweka kwenye `/lib/firmware` na kurestati inaamka. Ukiona `/dev/dvb/adapter0` imetokea basi upande wa kompyuta umemaliza, usirudi tena kuchezea draiva.

Kadi inaonekana, unaskani, hamna hata chaneli moja

Hapa ndo watu wanapoteza pesa, kwa hiyo nitakaa sana.

Nilipofika Tabata mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu antena ni nzima, king'amuzi kikiwekwa hapa hapa kinaonyesha vizuri, hii kompyuta ndo mbovu." Nikamwambia sawa mama, tuone. Na kweli, nikachomoa waya kwenye kadi nikauchomeka kwenye king'amuzi, chaneli zote hizo hapo safi. Nikaurudisha kwenye kadi, sifuri. Mtu yeyote angesema kadi imekufa, na fundi aliyenitangulia ndivyo alivyosema akaondoka na hela ya ukaguzi.

Kumbe antena ile ina busta ndani yake. Antena nyingi zinazouzwa siku hizi ziko hivyo, kuna kibao kidogo cha umeme cha kukuza mawimbi kinachohitaji umeme, mara nyingi volti 5, na umeme huo unapanda kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya ule ule unaoshusha mawimbi. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi chako upande wa antena, kwenye vingi utakuta sehemu ya kuwasha na kuzima umeme wa antena. Sasa kadi nyingi za kompyuta hazitoi hizo volti. Na busta isiyo na umeme sio kwamba inakuwa kama waya mtupu inapitisha tu, hapana, inayazuia mawimbi, unaweza kupata kidogo kuliko hata ungechomeka kipande cha waya. Ndo maana lile jaribio la king'amuzi linadanganya: king'amuzi kinaiwasha antena, kadi inaikuta imelala.

Kuhakikisha chukua mita, weka volti za DC, pima kwenye tundu la antena la king'amuzi kikiwa kimewaka, pini ya katikati na ganda la nje. Ukiona volti 5 na ushee hivi basi jibu umelipata. Njia ya haraka zaidi isiyohitaji mita ni kuzima ule umeme wa antena kwenye menyu ya king'amuzi, kama chaneli zinapotea na king'amuzi nacho, basi antena yako ni ya umeme.

Dawa yake ni kile kiboksi cha kuingiza umeme kwenye waya wa antena, kinakuja na adapta yake. Angalia antena inataka volti ngapi, kuna za 5 na kuna za 12, usibahatishe. Na ukifunga angalia tundu lipi linaenda antena na lipi linaenda TV, maana ukigeuza unapeleka umeme kwenye kadi badala ya kupeleka juu. Kama una splita, yaani kigawanyishi cha waya wa antena, kiboksi kikae kati ya antena na splita, kisikae baada yake, kwa sababu splita nyingi hazipitishi umeme kurudi juu. Yule mama tulifunga kiboksi, nikaskani upya, ikashika TBC1, ITV na nyingine mbele yake, akaniambia basi kaa ule kwanza.

Sababu nyingine za kukosa chaneli zote, na hizi nimeziona kwa macho:

Mtu amechomeka waya wa ungo kwenye kadi ya T2. Konekta za kuzungusha zinafanana, inaingia vizuri kabisa, ila mawimbi yanayotoka kwenye ungo ni ya megahetsi 950 mpaka 2150 na yanataka kadi ya ungo, DVB-S2, inayotoa volti 13 na 18. Fuata waya kwa mkono mpaka juu, usiamini rangi.

Programu imewekwa iskani DVB-T badala ya T2. Kwenye Tvheadend, programu ya kupokea na kurekodi TV, kadi moja inaweza kuonekana na mistari miwili au mitatu, wa T, wa C, kwa hiyo hakikisha umewasha ule sahihi, na kwenye mtandao uliotengeneza masafa yameandikwa DVB-T2.

Programu inakuuliza nchi na Tanzania haipo kwenye orodha. Chagua nchi inayotumia UHF ya megahetsi 8, Uingereza au Ujerumani inafaa, usichague Marekani. Au weka masafa kwa mkono, hesabu yake ni nyepesi: zidisha namba ya njia mara 8 kisha jumlisha 306. Njia ya 21 inakuwa megahetsi 474, ya 30 ni 546, ya 40 ni 626, ya 48 ni 690. Ukiskani kutoka 474 kupanda kwa hatua ya 8 mpaka 690 umegusa UHF yote inayohusika. Inachukua muda, kaa na chai yako, usiikatishe katikati.

Inashika lakini haileti chaneli. Yaani inakuambia mawimbi yapo na imeshika, halafu orodha tupu. T2 inaweza kubeba mifereji kadhaa ndani ya masafa mamoja, inaitwa PLP, na programu nyingine zinasoma wa 0 tu. Ingia kwenye mipangilio ya masafa hayo ujaribu 1, 2 na kuendelea.

Na antena imelala vibaya. Angalia antena za majirani zimeelekea wapi na vijiti vyake vimelala au vimesimama, wewe fanya hivyo hivyo. Kukisia mwelekeo peke yako wakati mtaa mzima umeshakuonyesha ni kazi ya bure.

Picha inakatakata, vibox vibox, sauti inaruka

Kabla hujagusa chochote fanya hili jaribio, ni nusu saa tu na linakuokoa siku mbili. Rekodi chaneli inayosumbua dakika kumi, halafu icheze ile rekodi mara mbili. Kama picha inavunjika sehemu ile ile kila unapoicheza, basi uharibifu uliingia kabla ya kufika kwenye diski, tatizo ni mawimbi. Kama rekodi ni safi, au inakwama mahali tofauti kila mara, basi mawimbi ni mazima na kompyuta ndo inashindwa kuonyesha. Mtu akinipigia simu siku hizi hilo ndo swali langu la kwanza.

Ikiwa ni mawimbi, fungua ukurasa wa hali ya tyuna, kwenye Tvheadend unafungua kwa kivinjari mlango wa 9981. Usihangaike na ile asilimia ya nguvu, kila kadi ina hesabu yake, angalia ubora kwa desibeli na idadi ya makosa yasiyorekebishika. Mimi nikiona desibeli 22 kwenda juu na makosa yamesimama sifuri nalala. Nikiona 16 au 17 na makosa yanapanda natafuta ngazi.

Kwetu Dar adui namba moja ni chumvi ya bahari. Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, hata Masaki, konekta ya nje isiyofungwa vizuri haikai muda inaota kijani ndani. Kwa mjomba kule Kigamboni picha ilikuwa nzuri mchana kweupe na jioni unyevu ukianza inaanza kuvunjika, kila siku, akasema ni watu wa mtaani wanawasha mitambo yao. Nikafungua konekta pale kwenye antena, waya wa katikati umekuwa mweusi na ule wavu wa nje unakatika kama majani makavu. Nikakata kama sentimita 30 mpaka nikakuta shaba inang'aa, nikaweka konekta mpya ya kubana, nikafunga kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe halafu nikauachia waya ushuke kidogo chini ya konekta kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye tumbo la waya yasifuate mpaka kwenye kadi. Mpaka sasa anaangalia bila shida. Ukikata na ukakuta weusi umeingia ndani mita na mita, badilisha waya wote, maana maji yakishaingia kwenye wavu hayatoki.

Waya nao uwe RG6 wa ukweli, ule mnene wa antena. Mita 20 za RG6 kwenye UHF zinakula kama desibeli 3 au 4, hiyo inavumilika, lakini ule mwembamba wenye wavu wa nyuzi chache unakula zaidi na unaingiza takataka za nje. Splita ya njia mbili inatoa kama desibeli 4 kila upande, ya njia nne kama 8, kwa hiyo ukikuta splita ya nne inatumika njia mbili tu, itoe.

Kuna na upande wa pili ambao watu hawauamini: mawimbi kuzidi. Ukikaa karibu na mnara wa kurushia halafu ukaweka busta kubwa, kadi inalewa, dalili zake zinafanana kabisa na mawimbi madogo, picha inavunjika au haishiki kabisa. Jaribu kwa makusudi kuweka ile splita ya njia nne kabla tu ya kadi, kama picha inakuwa nzuri kwa kupunguza basi ulikuwa umezidisha, toa busta. Minara ya simu inaleta shida hiyo hiyo, 4G ya masafa ya 700 na 800 iko jirani kabisa na UHF ya TV na busta haichagui, inakuza vyote. Kuna kichujio kidogo cha LTE, yaani cha kuzuia hiyo 4G, kinachokaa kabla ya busta, kina maana kama mnara uko nyuma ya nyumba yako, kama hauko usipoteze hela.

Jamani msipande juu ya bati wakati wa mvua, na masika ngurumo zikianza chomoa waya wa antena kwenye kadi. Radi sio lazima ipige nyumba yako.

Ikiwa jaribio limesema kompyuta ndo inashindwa, washa kazi ya kufungua video ifanywe na kadi ya picha badala ya prosesa. Core 2 Duo za zamani zinahema kwenye HD, i5 ya kizazi cha 4 inacheza bila jasho. Angalia na vumbi kwenye feni, Januari na Februari Dar joto linafanya prosesa ijipunguze kasi yenyewe na kwenye kabati la TV lililofungwa kioo hewa haipo.

Hakuna kukatika ila picha inasita, au ina michirizi kwenye kitu kinachokimbia

Huku matangazo ni picha 25 au 50 kwa sekunde, na kompyuta kwa kawaida inatoa hetsi 60. Hamsini haiingii sitini sawasawa, kwa hiyo maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yanasita kidogo kidogo, macho yanachoka bila kujua kwa nini. Badilisha skrini iwe hetsi 50, TV karibu zote zinakubali, au kwenye Kodi, ile programu ya kuchezea video, washa ile ya kubadili kasi ya skrini ifuate video. Hili ni dogo lakini mimi nalipenda kuliko yote, ukilifanya mara moja unaona kabisa TV imetulia.

Michirizi kama meno ya kitana kwenye mpira unaokimbia ni kwa sababu chaneli inatuma mistari nusu nusu na programu haijaiunganisha. Kwenye VLC bonyeza herufi D, kwenye Kodi ni menyu ya video wakati inacheza.

Picha ipo, sauti hamna

Kwanza angalia sauti inatoka wapi, kompyuta ikirestati TV ikiwa imezimwa inahamia kwenye spika za ndani. Pili zima ule mpangilio wa kupeleka sauti bila kufunguliwa (passthrough), T2 mara nyingi hutumia sauti ya HE-AAC na TV yako au redio ya sebuleni huenda haiifungui. Iache kompyuta ifungue yenyewe ipeleke stereo ya kawaida.

Chaneli imeorodheshwa ila nyeusi

Hiyo imefungwa, ni ya kulipia. Kadi inaiona lakini haina ufunguo, na ving'amuzi vyetu ufunguo umo ndani ya king'amuzi chenyewe au kwenye kadi yake ndogo. Ipo njia halali ya kadi zenye tundu la moduli kwa watoa huduma wanaouza moduli hizo, kama wako hauzi basi lipia utumie king'amuzi pembeni. Watu wa kukuuzia "namba za kufungulia" waache, ni wizi na kesho zinakata.

Wewe ni wa kebo ya mtaani au ya ghorofa

Muulize anayekuletea kebo swali moja tu: analojia au DVB-C? Kama ni DVB-C, skani upande wa C, na akupe masafa na kasi ya alama (symbol rate), mara nyingi ni 6875 au 6900, ukikosea hiyo namba kadi haishiki hata mawimbi yawe mazuri namna gani. Kebo inataka ubora wa juu kuliko antena, kwa QAM 256, namna ya kupakia data nyingi kwenye kebo, mimi nataka desibeli 32 na zaidi. Kama ni analojia unahitaji kadi yenye tyuna ya analojia, weka PAL, mfumo wa picha wa analojia, na kama picha ni nzuri ila sauti ni mvumo tu basi umekosea aina ya PAL, jaribu B/G, ikigoma jaribu I. Na kama wanakupa king'amuzi chao kwa kila TV, basi karibu chaneli zote zimefungwa, rudi kwenye antena.

Kurekodi kunafeli

Rekodi inakatika kila ikifika GB 4: diski imefomatiwa FAT32, haibebi faili kubwa zaidi ya hapo. Chaneli ya megabiti 8 kwa sekunde inakula GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo mechi inakatika dakika ya 71 hivi, mapema kipindi cha pili. Hamisha data, fomati NTFS au ext4.

Imerekodi saa tatu mapema au saa tatu nyuma: saa ya kompyuta. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia, na kama una Windows na Linux kwenye mashine moja kila mmoja anaitafsiri saa ya bodi kivyake. Chagua Dar es Salaam kote na uiambie Linux itumie saa ya hapa, `timedatectl set-local-rtc 1`. Na mkiandika ratiba nyumbani mkumbushane kwamba habari ya saa mbili usiku inaandikwa 20:00, watoto na wazee wanaandika 02:00 kila siku na wako sahihi kwa saa zetu, programu ndo haijui.

Saa inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika: betri ya bodi, CR2032, badilisha tu.

Umeme wenyewe. Ingia kwenye BIOS, ile menyu ya bodi kabla Windows haijawaka, utafute mpangilio wa kuwaka yenyewe umeme ukirudi, uuwashe, halafu ujaribu kwa kuchomoa ukutani kweli na kurudisha. Ukinunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, weka kompyuta na ile adapta ya kiboksi cha antena pamoja humo humo. Mbezi Beach ndo kitu cha mwisho nilichorekebisha: kompyuta ilikuwa kwenye UPS, inawaka muda wote, ratiba iko sawa, na kila umeme ukikatika rekodi ilikuwa nyeusi tupu kwa sababu adapta ya antena ilikuwa kwenye soketi ya ukutani nyuma ya friji.